Mpira wa Shule: Kijana Analelewa kwa Ajili ya Nani?

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuyazungumzia mashamba, viwanda na mabenki kama uwanja wa mapambano ya kitabaka. Tukifika kwenye mpira wa miguu makada wengi hutabasamu, kana kwamba kazi imekwisha na sasa tumekwenda mapumzikoni. Hilo ni kosa la kinadharia. Shughuli yoyote inayowakusanya maelfu ya vijana kila jioni, ikawapa nidhamu, viongozi, mashujaa na mahasimu, haiwezi kuwa nje ya siasa. Na shughuli hiyo inapofanyika ndani ya shule, chini ya mwalimu anayelipwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi, hakuna shaka hata kidogo kwamba pale kuna mtu anayetayarishwa. Yafaa tujiulize: anatayarishwa awe nani, na kwa manufaa ya nani?

Makala haya yanalifuata swali hilo katika historia ya mpira wa shule nchini kwetu. Hayakusudii kuwa orodha ya mabingwa. Wapenzi wa orodha hizo ni wengi na wanazijua kwa moyo kuliko mimi.

CHIMBUKO LAKE

Mpira tunaoucheza leo ulipewa sheria zake mjini London mwaka 1863, na sheria hizo zilitokana kwa sehemu kubwa na michezo iliyokuwa ikichezwa katika shule za bweni za makabaila na matajiri wa Kiingereza. Shule hizo hazikuwa na haja ya wachezaji. Zilihitaji maofisa wa jeshi, mahakimu, maaskofu na magavana wa makoloni. Mpira ulikuwa chombo cha kumfundisha mtoto wa tajiri kuvumilia maumivu, kumtii nahodha leo ili kesho awe nahodha yeye mwenyewe, na kuamini kwamba kutawala ni wajibu aliozaliwa nao.

Lakini historia haimsikilizi mwalimu mkuu. Mchezo ulitoka nje ya kuta za shule ukaingia katika miji ya viwanda, na mwaka 1883 jambo kubwa lilitokea. Katika fainali ya Kombe la Chama cha Mpira cha Uingereza, timu ya Blackburn Olympic, ambayo ndani yake walikuwamo wafumaji wa nguo na mafundi wa viwandani, iliifunga timu ya Old Etonians, yaani mabwana waliosoma katika shule ya Eton, mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Tangu siku hiyo kombe halikurudi tena mikononi mwa mabwana wale. Msomaji asifurahi haraka, maana aliyegharimia maandalizi ya wafanyakazi hao alikuwa mwenye kiwanda cha chuma mjini mwao. Mwaka 1885 mchezaji wa kulipwa alihalalishwa rasmi. Mfanyakazi aliuchukua mchezo kwa bwana, na papo hapo mwenye mtaji akaanza kumnunua mfanyakazi. Mvutano huo haukuisha mpaka leo, na tutaukuta tena hapa kwetu.

Huku kwetu mpira wa shule una chimbuko la uchungu zaidi. Miongoni mwa shule za kwanza kuucheza ilikuwa Kiungani, Unguja, shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu. Misheni hiyo ilianzishwa na watu wa Oxford na Cambridge baada ya wito wa Livingstone wa mwaka 1857. Wanafunzi wa mwanzo wa Kiungani walikuwa watoto waliokombolewa kutoka katika majahazi ya biashara ya watumwa. Walitoka Nyasa, Uyao na kwingineko bara. Hawakuwa na wazazi karibu, hawakuwa na ukoo, na wengi hawakuwa na lugha moja. Kabla karne ya 19 haijaisha watoto hao walikuwa wakicheza mpira chini ya walimu Waingereza.

Tutafakari kidogo. Mchezo uliobuniwa kumlea mtoto wa kabaila awe mtawala ulipewa mtoto aliyenyang'anywa kila kitu, ili awe nani? Bila shaka hakutakiwa awe mtawala. Alitakiwa awe mwalimu wa dini, karani, mtu wa saa na wa kengele. Mpira ulimfundisha kuja kwa wakati, kuvaa sare na kukubali uamuzi wa refa bila ubishi. Hata hivyo hatuwezi kuwanyima watoto wale kilicho chao. Kijana asiye na ukoo, akiwekwa katika timu ya watu kumi na mmoja, huanza kujenga undugu ambao misheni haikuuandika katika ratiba. Vijana waliopita hapo walikwenda na mchezo huo huko walikopelekwa kufundisha, na mitaa ya Ng'ambo ikaupokea kwa namna yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mfumo huo uliingia bara kwa nguvu ya Serikali ya kikoloni. Kazi ya Kiungani ilihamishiwa Minaki katika miaka ya 1920. Katika miaka hiyo hiyo ilifunguliwa Shule ya Tabora, iliyokusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu, ikaigiza shule za mabwana wa Kiingereza kwa viranja, mabweni na michezo ya lazima. Mwalimu Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Mtoto wa chifu alitakiwa ajifunze uwanjani jinsi ya kuwatawala wenzake kwa niaba ya mwingine. Huo ndio utawala usio wa moja kwa moja, ukiwa umevaa kaptula na jezi.

MJI WAJIBU

Wakati shule zikiwalea wachache, vijana wa mjini walijilea wenyewe. Dar es Salaam makuli, makarani, wachuuzi na vijana wa kazi za majumbani waliunda timu zao. Mwaka 1935 ilizaliwa Young Africans, na mwaka 1936 ikazaliwa ile ambayo baadaye ilijiita Sunderland. Majina hayo mawili yanatosha kwa somo zima la siasa. Moja lilitangaza Uafrika na ujana wakati ambapo kutangaza hivyo kulikuwa na maana yake. Jingine lilichukua jina la klabu ya mji wa Waingereza, na halikuachwa mpaka mwaka 1971, miaka kumi baada ya Uhuru, klabu ilipoitwa Simba. Sisemi hivyo kuwakejeli wapenzi wa Simba, ambao wengine ni wakuu wangu wa kazi. Kasumba ilikuwa yetu sote, na ilikaa mahali pasipotazamwa, hata kwenye kifua cha jezi.

Klabu hizi zilikuwa zaidi ya mpira. Zilizika wafu, zilichangia wagonjwa, ziliendesha mikutano, zilichagua viongozi kwa kura. Mwananchi aliyenyimwa kura katika nchi yake aliipiga klabuni. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 hakikuwakuta watu wa mjini wakiwa kama mchanga usioshikana. Kiliwakuta wamekwisha kujifunza kukusanyika, na wanachama wengi wa Yanga walikuwa wanachama wa TANU.

Hapa pana jambo ambalo wanaoandika historia ya michezo hulipita haraka mno. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na kati yao waliofika Kidato cha Sita walikuwa 176. Mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilipotolewa, idadi ya sekondari ilikuwa imefika kama 25,000, lakini bado katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi ni 13 tu walioweza kupata nafasi. Kwa hiyo tunaposema "mpira wa shule za sekondari" wa enzi hizo, tunazungumzia mpira wa kisiwa kidogo. Shule zilikuwa na viwanja vizuri vya nyasi, magoli ya mbao na walimu wa michezo. Watoto wa nchi walikuwa nje ya ua, wakicheza chandimu kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya katani.

AZIMIO NA KIWANJA

Azimio la Arusha lilikuta hali hiyo. Mwaka huo huo wa 1967 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa, na michezo ikaacha kuwa hisani ya wafadhili, ikawa wajibu wa umma. Elimu ya Kujitegemea haikuandikwa kwa ajili ya mpira. Lakini hoja yake kuu, kwamba shule isimtenge kijana na jamii yake na isimfundishe kujiona bora, iligusa kiwanja kama ilivyogusa shamba. Shule nyingi zilianza kucheza na timu za vijiji. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyekuwa na njumu alimkuta mkulima asiye na njumu anayemzidi mbio na akili ya mchezo. Hilo lilikuwa somo la siasa ambalo hakuna mkufunzi angeweza kulifundisha vizuri zaidi.

Mashindano ya shule nayo yalipangwa kutoka wilaya hadi mkoa hadi taifa: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Ubora wa mpango huu haukuwa katika kombe. Ulikuwa katika kumwezesha mtoto wa Namtumbo au Kasulu aonekane na watu wa mbali bila kulazimika kuwa na mjomba Dar es Salaam. Kwa makada wa leo wanaozungumza juu ya "kuibua vipaji" kana kwamba ni jambo jipya, naomba walikumbuke hilo.

Matunda yalionekana. Mwaka 1974 Taifa Stars walitwaa Kombe la Chalenji nyumbani. Mwaka huo Simba walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, wakatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1979, mwaka ambao majeshi yetu yalikamilisha kumng'oa nduli Idi Amin na nchi ikawa imechoka kwa gharama ya vita, Taifa Stars waliitoa Zambia kwa ushindi wa 1 kwa 0 hapa nyumbani na sare ya 1 kwa 1 kule kwao, bao la Peter Tino. Mwaka 1980 tulicheza fainali za Mataifa ya Afrika mjini Lagos. Tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Tulirudi kwenye fainali hizo mwaka 2019. Ni miaka 39. Mtoto aliyezaliwa siku ya mechi ya Lagos angeweza kuwa mwalimu mkuu kabla ya kuiona timu yake huko tena.

Kwa nini miaka 39? Wako wanaojibu kwa neno moja: uongozi. Jibu hilo ni jepesi. Viongozi wa mpira walibadilika mara nyingi, matokeo hayakubadilika. Lazima tutazame jinsi mchezaji anavyozalishwa, kama tunavyotazama jinsi pamba inavyozalishwa kabla ya kulaumu bei.

Kwanza, mkulima wa pamba hii, yaani mwalimu wa shule, hakupata kamwe hesabu ya jasho lake. Mchezaji alilelewa miaka minne na mwalimu asiyelipwa hata shilingi ya ziada, kisha klabu kubwa ya mjini ikamchukua bila kurudisha hata mpira mmoja shuleni. Klabu ikamtumia misimu miwili, ikamtupa. Huu ni uhusiano ule ule wa mji na shamba tunaoufundisha kila siku. Klabu zenyewe zilijaribu mara chache kulea, na pale zilipojaribu zilionyesha kuwa inawezekana: katika miaka ya 1970 kocha Mromania, Victor Stanculescu, alijenga Yanga kikosi cha vijana kilichojulikana kama Yanga Kids. Lakini mgogoro ulioipasua klabu hiyo ukazaa Pan African mwaka 1976, na Pan African ikawa bingwa wa nchi mwaka 1982. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya wilaya ya Rungwe, milimani kabisa, ilitwaa ubingwa. Baada ya hapo wachezaji wa timu za mikoani waliendelea kuteremka Dar es Salaam kama mazao mengine.

Pili, miaka ya 1980 uchumi uliyumba, masharti ya mashirika ya fedha ya kibeberu yakaja, na uchangiaji wa gharama ukaingia shuleni. Shule inayokosa chaki haitanunua mipira. Hilo halihitaji ushahidi mrefu.

Tatu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa. Hoja iliyosikika ilikuwa kwamba michezo inakula muda wa masomo na michango ya wazazi. Nataka nilizungumze jambo hili kwa heshima lakini bila kuficha: lilikuwa kosa la kiitikadi, wala si la kiutawala tu. Hoja ile ilikubali kimyakimya ile fikra ambayo Elimu ya Kujitegemea iliipinga, kwamba elimu ni karatasi ya mtihani, na kwamba mwili wa kijana, ushirikiano wake na wenzake, ujasiri wake mbele ya watu, havimo katika elimu. Mashindano yalirudishwa baada ya 2005. Ila mnyororo ukikatika miaka michache, anayepotea si mchezaji peke yake. Anapotea mwalimu aliyejua kazi. Yule aliyejua kuchora kiwanja kwa kamba na jivu, kushona mpira na kumjua refa wa kila wilaya, alistaafu bila kumrithisha mtu.

KAZI YENYEWE YA KULEA

Makada hupenda kuzungumzia sera na kuruka kazi. Tukae kidogo kwenye kazi.

Shule ya kawaida ina mpira mmoja na vijana arobaini wanaotaka kuucheza. Mwalimu hugawa timu mbili za watu 11, wengine wakakaa chini ya mwembe, na anaita hayo mazoezi. Tupige hesabu. Watu 22, mpira mmoja, dakika 60: hata kama mpira usingetoka nje kabisa, kila kijana angeukaa kwa wastani wa chini ya dakika tatu. Na kwa kuwa wale mahodari wawili watatu wanaumiliki, beki wa kushoto atarudi nyumbani bila kuugusa. Gawa vijana hao hao wanne kwa wanne, kila kundi na mpira wake hata uwe wa matambara, na kila mmoja atapata zaidi ya dakika saba. Kijana huyu kwa mwezi mmoja amefanya mazoezi ya miezi miwili na nusu ya mwenzake. Chandimu, ambayo walimu wengi waliikataza kwa sababu inachafua sare, ilikuwa tangu mwanzo ikifanya kazi hiyo: kiwanja kidogo, watu wachache, mpira usiodunda sawasawa unaolazimisha mguu kuwa na akili. Wananchi walikuwa na njia bora kuliko mtaala, na mtaala haukuwauliza.

Jambo la pili ni uchaguzi. Katika umri wa miaka 13 hadi 16 vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kutofautiana miili kama kaka na mdogo wake. Kocha anayetaka kombe wiki ijayo atamchagua mwenye mwili. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa ng'ambo tangu miaka ya 1980 umeonyesha tena na tena kwamba timu za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili, kwa sababu tu wamewatangulia wenzao kwa miezi kadhaa. Yule mdogo mwenye kipaji huachwa, hukata tamaa, na baadaye tunasema hatuna vipaji. Kwa lugha yetu, huo ni ubaguzi usio na mbaguzi.

Kutoka hapo mpaka kwenye udanganyifu wa umri ni hatua moja. Kama mwili ndio unaoshinda, basi leta mwili mkubwa zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi miaka ya 1990, shule moja niliyosoma iliandikisha kwa wiki tatu kijana mwenye ndevu aliyekuwa akichezea timu ya mtaani, akavaa sare ya Kidato cha Pili, akafunga mabao, akaondoka. Tulimwita mamluki, tukamshangilia. Mwanafunzi aliyempisha nafasi, mshambuliaji mwembamba wa Kidato cha Tatu, aliacha mpira siku ile ile. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, wala haikunipitia akilini kumtafuta.

Taifa nalo lilifanya kama ile shule. Timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, ikaondolewa kwa ajili ya umri. FIFA ilianza kutumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa umri huo mwaka 2009, na Afrika ikafuata. Ikumbukwe kwamba tulipopeleka vijana halisi tulionekana: mwaka 2017 kule Gabon Serengeti Boys walitoka sare na Mali, ambao ndio waliotwaa ubingwa, wakaifunga Angola 2 kwa 1, wakatolewa kwa bao moja la Niger. Mwaka 2019, tulipokuwa wenyeji Dar es Salaam, tulifungwa mechi zote tatu. Basi, kulea hakuna uhakika wa kombe. Anayekuahidi kombe baada ya miaka miwili anatafuta kura au biashara.

Shule ya Makongo, iliyo chini ya Jeshi, ilionyesha katika miaka ya 1990 chini ya Kanali Idd Kipingu kuwa shule ikiwa na nidhamu, kiwanja na mkuu anayeipenda kazi hiyo, huzalisha wanamichezo. Nasita, hata hivyo, kuifanya Makongo kuwa kanuni. Shule moja ya mfano iliyoko mjini inaweza kuwa Tabora mpya: inakusanya walio bora kutoka kila mahali, kisha tunaridhika kwa kuwa tuna kioo cha kujitazamia.

WASICHANA

Mpaka hapa nimeandika "kijana" nikimaanisha mvulana, kama ilivyofanya historia yenyewe. Msichana alipewa netiboli na mwalimu wa kike, naye alionywa asicheze mpira wa miguu eti atakosa mume. Mwaka 2022 Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia. Walifungwa na Japan 4 kwa 0. Wakainuka wakaifunga Ufaransa 2 kwa 1. Wakatoka sare na Canada 1 kwa 1. Wakafika robo fainali, wakatolewa na Colombia. Hakuna timu ya mpira wa miguu ya nchi hii, ya wavulana wala ya wanaume, iliyowahi kufika huko kabla yao. Waliofika ni wale ambao mfumo haukuwekeza kwao karibu chochote. Nadharia yoyote ya kulea wachezaji isiyoanza na ukweli huo inahitaji kurudi darasani.

VIWANJA

Sasa nifikie jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa nchi nzima, na kuanzia mwaka 2016 ada ya sekondari ya chini iliondolewa. Kile kisiwa cha wanafunzi 11,832 kimekwisha. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu mpira wa shule ungeweza kuwa mpira wa watoto wa wakulima na wafanyakazi kweli kweli. Lakini tazama shule hizo. Nyingi zilijengwa haraka, kwa nguvu za wananchi, juu ya eneo lililopatikana, na pale ambapo palitengwa kiwanja, mara idadi ilipoongezeka kiwanja kikajengwa madarasa. Hatuwezi kumlaumu mwalimu mkuu mwenye watoto 90 katika chumba kimoja. Zamani viwanja vilikuwapo na watoto hawakuwapo. Sasa watoto wapo.

Wakati huo huo Chama chetu kinamiliki viwanja vikubwa karibu kila mkoa, kuanzia Kirumba hadi Sokoine, Majimaji, Jamhuri na Sheikh Amri Abeid. Vilijengwa kwa michango na nguvu za wananchi wa mikoa hiyo katika enzi za Chama kimoja. Vimetunzwa kwa viwango tofauti. Wanaovitumia hasa ni timu za ligi siku ya mechi, na wanamuziki, na mikutano. Siku nyingine za wiki mara nyingi geti limefungwa.

Nilifundisha somo hili mwaka jana kwa makada vijana wa wilaya moja. Nilipofika kwenye historia ya Kiungani na Tabora walikubali kila kitu, wakaandika. Baadaye binti mmoja, mwalimu wa shule ya kata anayefundisha Kemia na pia timu ya wasichana, alinyosha mkono. "Ndugu mkufunzi," akasema, "wasichana wangu wanafanya mazoezi kwenye maegesho ya malori, kwa sababu shuleni hakuna nafasi. Uwanja wa Chama uko umbali wa dakika kumi kwa miguu. Niliandika barua kuomba saa mbili kwa wiki, nikajibiwa nilipe kodi ya uwanja kwa siku nzima." Akauliza barua ya pili aipeleke kwa nani. Katibu wa wilaya alikuwa amekaa safu ya mbele. Alitoa kalamu akaandika jina la shule, akasema atafuatilia. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, tukatoka kwenda kunywa chai.